Kufufua lori la zamani: mwongozo kamili kwa anayelifanya kwa mapenzi

Malori mengi ya zamani hufia gereji, mikononi mwa watu wanaoyapenda. Mtu hununua gari linalobingirika vizuri tu, akashusha kichwa (kebini ya dereva), akatoa injini, akafungua ekseli, na miezi michache baadaye amebaki na rundo la vyuma asilokumbuka lilikaaje, wala nafasi ya kukanyaga hana. Lori halina vipuri vya kubebwa kwapani. Giaboksi peke yake yaweza kupita kilo 250, na dramu ya breki ya nyuma huwatoa jasho watu wawili.

Kwa hiyo shika hili kabla ya kushika spana: usilibomoe lote kwa mpigo. Chukua mfumo mmoja, umalize, ufunge, ndipo uguse mwingine, na muda wote lori libaki juu ya magurudumu yake likiweza kusukumwa. Utaratibu nitakaoufuata hapa ni huu: kwanza lori liweze kusimama, kisha liwake, kisha litembee, na mwisho lipendeze. Wengi huanza na kupendeza. Rangi mpya juu ya breki mbovu ni hasara mara mbili, maana utaikwaruza siku ya kuzifungua.

Kuchagua lori

Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, huhesabu gari kuwa la kihistoria likishafikisha angalau miaka 30, likiwa limehifadhiwa katika hali inayolingana na historia yake na halitumiki kwa usafiri wa kila siku. Hicho ni kipimo kizuri cha kuanzia, ila umri peke yake haukusaidii kununua. Tafuta lori kamili kuliko lori linalong'aa. Lililochakaa lakini lina kila kitu chake ni rahisi kulifufua kuliko lililopakwa rangi jana huku likikosa taa, geji na mikono ya milango.

Watu wapya huogopa injini, kumbe injini mara nyingi ndiyo sehemu yenye spea nyingi zaidi. Kampuni kadhaa za malori zilinunua injini kwa watengenezaji wengine: Foden, ERF na Atkinson walifunga Gardner na Cummins, Kenworth na Peterbilt walifunga Cummins, Caterpillar na Detroit Diesel. Injini hizohizo zilifungwa pia kwenye boti, jenereta na mitambo ya ujenzi, kwa hiyo gasketi, slivu na beringi zake bado hupatikana. Kinachotesa ni vitu vya kichwa: kioo cha mbele chenye mkunjo, mpira wa mlango, nembo, dashibodi, vifuniko vya taa. Hesabu hivyo kwanza.

Kisha lala chini utazame chasisi. Chasisi yenye reli mbili zilizobebana huingiza kutu katikati, na kutu hiyo ikivimba huzitenganisha reli na kukata riveti. Angalia nyufa karibu na vishikio vya springi, kwenye membari za katikati, na palipowahi kuchomelewa ovyo. Pima mistari miwili ya mkingamo kwa utepe, kutoka tundu la mbele kushoto hadi la nyuma kulia, na upande wa pili vivyo hivyo. Vipimo vikitofautiana sana, chasisi imepinda na hiyo ni kazi ya mtaalamu mwenye mtambo. Mwisho, linganisha namba ya chasisi na hati za gari kabla ya kutoa pesa.

Kulisafirisha

Usiliwashe pale uliponunulia, na usilivute ili liwake. Lori lililolala miaka linahitaji kupakiwa. Kama hakuna budi kulivuta, chomoa propela shafti au shafti za ekseli. Sababu ni kwamba kwenye giaboksi nyingi oili hurushwa juu na shafti ya chini inayozungushwa na injini. Gari likivutwa, shafti kuu huzunguka pasipo kulainishwa, na unafika nyumbani ukiwa umeshaua beringi.

Lenye breki za springi, yaani zinazoshika zenyewe upepo ukiisha, halitabingirika bila upepo. Ama ulijaze upepo kutoka kompresa ya nje, ama ukaze bolti maalumu ya kubana springi iliyo kwenye kila chemba ya breki ya nyuma.

Mambo yanayoua

Sehemu hii isome mara mbili, hata kama umekuwa fundi wa magari madogo kwa miaka mingi. Uzito na shinikizo la lori ni vitu vingine kabisa.

Rimu za vipande ndizo za kwanza. Ni zile zenye ringi ya kufungia pembeni, zilizotumika sana kwenye malori ya zamani yenye tyubu. Tairi la lori hujazwa karibu PSI 100 (PSI ni kipimo cha shinikizo), na ringi iliyokaa vibaya au iliyoliwa na kutu huruka kama risasi. Toa kwanza sindano ya valvu hadi upepo uishe wote, kabla hata ya kulegeza nati za gurudumu. Usichanganye vipande vya rimu tofauti, usipige ringi kwa nyundo tairi likiwa na upepo, na ujaze ndani ya kizimba cha chuma kwa mpira mrefu wenye kishikio kinachojibana chenyewe, wewe ukiwa umesimama kando. Kama huna kizimba, mpelekee mwenye nacho.

La pili ni chemba ya breki ya springi, ambayo madereva wengi huiita busta. Ndani yake kuna springi iliyobanwa kwa nguvu ya kuua. Usifungue kamwe klampu ya nyuma ya chemba hiyo. Ikiharibika, bana springi kwa bolti yake, toa chemba nzima, funga nyingine.

La tatu halionekani. Laining za breki, sahani za klachi na gasketi za zamani nyingi zina asbesto. Usipulize vumbi la dramu kwa upepo wa kompresa. Lilowanishe kwa maji, ulifute kwa kitambaa, ukiweke kitambaa katika mfuko uliofungwa, na vaa barakoa ya chembe ndogo inayokaza usoni. Rangi za zamani nyingi nazo zina madini ya risasi, kwa hiyo kupiga msasa mkavu ni kujilisha sumu.

Nozeli ya dizeli hufunguka kwa shinikizo la baa 175 na zaidi, na mnyunyizo wake hupenya ngozi. Jeraha huonekana dogo kama la mwiba, lakini ni la kukimbizwa hospitali saa ileile, siyo kesho. Yaliyobaki ni ya kawaida ila hayasameheki: stendi za uzito unaofaa juu ya sakafu ngumu, kamwe jeki peke yake, nguzo ya chuma chini ya bodi ya tipa au kichwa kilichoinamishwa, na hakuna kuchomelea tenki la mafuta ambalo halijasafishwa mvuke wake.

Hatua ya kwanza: lisimame

Kabla ya kufungua chochote, piga picha. Kila mpira wa upepo ufunge lebo pande zote mbili, kwa sababu valvu za breki zina matundu mengi yanayofanana na mpira mmoja uliobadilishana nafasi hufanya breki ishike pale inapotakiwa kuachia.

Tahadhari ya nati: malori mengi ya Uingereza na Marekani ya zamani yana nati za reverse upande wa kushoto, yaani hufunguka kwa kuzungushia kulia. Tafuta herufi L kwenye ncha ya bolti kabla ya kuvuta bomba la mita mbili na kuikata.

Fungua gurudumu moja moja. Toa dramu, angalia nyufa, pima kipenyo na ulinganishe na kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye dramu au kwenye kitabu cha gari. Laining iliyolowa oili hairudi kuwa nzuri hata ukiichoma moto. Badilisha, na badilisha pia oili sili iliyovujisha. Pini na bushi za brekishuu, na shafti yenye kichwa cha S, hukwama kwa grisi iliyogeuka kuwa nta. Safisha, paka grisi mpya. Slaki ajasta, kirekebisho cha nafasi ya breki, izunguke kwa mkono.

Kwa upande wa upepo, badilisha mipira yote. Yote. Mpira wa miaka 40 unaweza kuonekana mzima nje huku ndani umevimba na kuziba. Tenki za upepo zigonge taratibu kusikiliza palipolika na kutu; zikivuja hazichomelewi, hubadilishwa. Valvu nyingi hufufuka kwa seti ya raba mpya, lakini zifanyie kazi juu ya meza safi, moja kwa siku ukipenda.

Kisha jaribu. Funga opo (kabari) kwenye magurudumu, achia breki ya maegesho, jaza hadi kompresa ijikate yenyewe, ambayo kwa malori mengi ni kama PSI 120, zima injini au chanzo cha upepo, uangalie geji. Kipimo cha mitihani ya madereva Marekani ni kizuri kukiazima: lori lisilo na trela lisipoteze zaidi ya PSI 2 kwa dakika bila kukanyaga, wala zaidi ya PSI 3 kwa dakika ukiwa umekanyaga. Pakaa maji ya sabuni kila kiungo. Halafu kanyagakanyaga mpaka upepo ushuke, na uhakikishe taa au king'ora cha onyo kinaamka kabla upepo haujashuka chini ya PSI 60.

Malori mengi ya zamani yana saketi moja tu ya breki, kwa hiyo mpira mmoja ukipasuka breki yote imekwenda. Wapo wanaoongeza valvu ya kugawa saketi. Mimi nakubaliana nao, hata kama wapenda uhalisi watanuna.

Kama lori lako lina breki za maji, silinda za magurudumu karibu zote zitakuwa zimeganda. Zifungue, na mafuta ya zamani yamwage yote, kwa kuwa hufyonza unyevu na kutia kutu ndani ya mabomba.

Hatua ya pili: liwake

Hapa ndipo subira inapolipwa. Injini iliyolala miaka huweza kuharibika zaidi katika sekunde 10 za kwanza za kuwashwa kuliko ilivyoharibika miaka yote ya kulala.

Anza kwa kutoa nozeli zote. Zinatoka ili maji yaliyoingia kwa njia ya ekzosti yapate pa kutokea. Pistoni haiwezi kubana maji, na stata ikilazimisha, koneksheni rodi inapinda. Mimina oili nyepesi iliyochanganywa na dizeli kidogo katika kila silinda, iache siku kadhaa, kisha zungusha kwa mkono kutoka bolti ya mbele ya krenkishafti kwa spana ndefu. Ikigoma usiipige. Ongeza mafuta, ngoja, jaribu kwenda mbele na kurudi nyuma kidogo kidogo. Ikizunguka, fungua kifuniko cha valvu na utazame rokaa zote, vyuma vinavyosukuma valvu, zikipanda na kushuka. Valvu iliyonata hupinda pushirodi.

Legeza bolti ya kumwaga oili taratibu. Maji hukaa chini ya oili, kwa hiyo yakiwemo yatatoka ya kwanza. Maji kidogo yaweza kuwa ya unyevu tu. Maji mengi, au oili yenye rangi ya maziwa, yana maana ya gasketi ya silinda hedi au raba za slivu, na hapo injini itafunguliwa kweli. Hata bila dalili hizo mimi hushusha sampu (bakuli la oili chini ya injini), nikakwangua tope na kuosha chujio la pampu ya oili. Ni kazi chafu ya nusu siku inayookoa krenkishafti.

Mafuta: shusha tenki, mwaga, osha. Dizeli ya zamani huota uchafu wa bakteria unaofanana na makamasi meusi na kuziba filta kila kilomita chache. Mipira ya mafuta na filta ziwe mpya.

Sasa pampu ya dizeli, na hapa naomba usome polepole. Katika pampu nyingi za mstari, injini ikizimwa springi ya gavana (kidhibiti cha mizunguko) husukuma reki, kijiti kinachopima dizeli, kwenda upande wa mafuta mengi. Reki ikigandia hapo, siku utakayoiwasha injini itapanda mizunguko bila kukusikiliza mpaka ijivunje. Fungua kifuniko cha pembeni cha pampu na uhakikishe reki inateleza kwa kidole kwenda na kurudi. Isipoteleza, pampu iende benchi kwa fundi wa pampu.

Vyovyote iwavyo, siku ya kuwasha awepo msaidizi aliyesimama kwenye mdomo wa hewa, filta ikiwa imetolewa, akishika bamba nene la chuma au ubao unaoziba mdomo wote. Kamwe si kiganja wala kitambaa, vyote hunyonywa. Injini ya dizeli bila hewa hufa papo hapo. Hili linahusu zaidi Detroit Diesel za mipigo miwili za mfululizo wa 71, zilizoanza mwaka 1938. Bloa yake, yaani kisukuma hewa cha injini, ikivujisha sili, injini huweza kuendelea kuunguza oili yake yenyewe hata dizeli ikikatwa. Nyingi zina kifuniko cha dharura juu ya bloa. Hakikisha kinafunga kweli.

Rudisha nozeli baada ya kuzipima benchi. Weka oili na filta mpya, toa hewa kwenye mfumo wa mafuta kwa kufuata njia yake: filta kwanza, kisha pampu, mwisho mabomba ya nozeli. Vuta kitasa cha kuzimia, zungusha stata kwa vipindi vifupi mpaka geji ya oili ipande. Ndipo uachie kitasa na kuwasha.

Moshi mweupe mwanzoni ni kawaida. Ukiendelea injini ikiwa imepata joto, fikiria kompresheni ndogo au taimingi. Wa bluu ni oili inayoungua, na ringi zilizonata mara nyingine hujifungua zenyewe baada ya saa chache za kazi, kwa hiyo usikimbilie kubomoa. Mweusi ni hewa chache au mafuta mengi. Usiiache inguruma taratibu kwa muda mrefu. Injini ya dizeli isiyopata mzigo haipati joto la kutosha kuziketisha ringi.

Rejeta ijazwe maji matupu kwa majaribio ya kwanza ili uone panapovuja. Yakishatulia, mwaga, osha mpaka kutu iishe, kisha weka kulanti (maji ya dawa ya rejeta) yenye kinga ya slivu. Slivu za maji hutetemeka, viputo hupasukia juu ya ukuta wake na kuutoboa polepole, na maji ya bomba hayana cha kuzuia hilo.

Oili ipi iende wapi

Watu hugombana sana juu ya hili. Usitumie oili ya bei ya juu kwa sababu tu ni ya bei ya juu. Oili za kisasa zina sabuni nyingi. Kwenye injini ambayo sampu yake haikusafishwa, sabuni hiyo huamsha tope lililolala na kulipeleka kwenye matundu ya oili. Ndiyo sababu nyingine ya kushusha sampu mapema. Detroit za mipigo miwili zinataka oili ya daraja moja, SAE 40 yenye majivu machache, siyo 15W-40. Giaboksi za zamani zenye sinkronaiza za shaba huweza kuumizwa na viungo vya GL-5 (daraja la oili ya gia), kwa hiyo hukaa na GL-4 au oili ya madini tupu kadiri kitabu kinavyosema. Difu zenye meno ya haipoidi, kinyume chake, zinaitaka GL-5.

Hatua ya tatu: litembee

Klachi iliyogandia kwenye flaiwili ni jambo la kutarajiwa. Kandamiza pedali kwa kipande cha mbao, uiache hivyo siku mbili tatu, huku ukiipasha injini joto na kuizima. Mara nyingi huachia yenyewe.

Inua ekseli ya mbele, shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, mwenzako atazame kama ni beringi ya gurudumu au kingpini, pini ambayo gurudumu hugeukia. Bolti za U za springi zikifunguliwa hazirudi. Nunua mpya, kaza kwa kipimo, kaza tena baada ya safari ya kwanza. Nati za magurudumu vilevile zikazwe upya baada ya kilomita 50 hadi 100. Springi iliyokatika jani moja haichomelewi, wala reli ya chasisi iliyopikwa kwa joto haitobolewi kwenye mbawa zake za juu na chini.

Matairi usiyahukumu kwa kashata, yaani meno yake. Soma tarehe: tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ulio ubavuni ni wiki na mwaka, na tarakimu tatu maana yake limetengenezwa kabla ya mwaka 2000. La aina hiyo liwe la kusukumia gari gereji tu.

Umeme wa lori la zamani hauna shukrani. Kagua kwanza kama ni volti 24, ambazo ni betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfululizo, na kama lori lako ni la Uingereza, huenda chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Ukigeuza, altaneta inakufa. Waya zenye ganda la kitambaa zibadilishe zote, kwa rangi zilezile, na ongeza swichi kuu ya kukatia betri.

Giaboksi isiyo na sinkronaiza inataka klachi mara mbili: kanyaga, toa gia, achia, panda au shusha mizunguko, kanyaga tena, ingiza. Ifanyie mazoezi uwanjani, lori likiwa tupu.

Hatua ya nne: lipendeze

Hati ya Turin ya FIVA inataka gari la kale libadilishwe kidogo iwezekanavyo, na kazi iliyofanywa iandikwe. Nakubali, hasa kwa maandishi ya mlangoni yaliyochorwa kwa mkono na mchoraji wa zamani. Ukishayafuta hayarudi, hata ukimwajiri mchoraji bora. Safisha, tia nta, yaache.

Vichwa vya zamani vingi vina fremu ya mbao ndani ya bati. Gonga kila nguzo. Ubao uliooza husikika mzito usio na mwangwi. Unda kipande kipya kabla ya kung'oa cha zamani, la sivyo milango haitafunga tena. Vipuri vidogo vyenye kutu husafishika kwa umeme wa betri chaja ndani ya maji yenye sodiamu kaboneti, mradi usitumie stenlesi kama anodi, kwani hutoa kromiamu yenye sumu, na kazi hiyo ifanyike nje kwa sababu haidrojeni inayotoka huwaka. Rangi za vipande viwili zenye isosayaneti zinahitaji barakoa inayoletewa hewa safi. Kama huna, tumia enameli ya kawaida ya brashi na uipige msasa wa maji. Malori mengi yalipakwa hivyo enzi zake.

Kulitunza

Liendeshe angalau mara moja kwa mwezi, mwendo wa kutosha difu na giaboksi zipate joto. Kuwasha dakika tano na kuzima hukusanya maji ndani ya oili. Mwaga maji ya tenki za upepo kila ukirudi. Grisi kila nipeli mpaka mpya itokee pembeni, ukianza na kingpini gari likiwa limeinuliwa. Oili badilisha kila mwaka hata usipofikisha kilomita.

Likienda kulala muda mrefu, jaza tenki la dizeli ili unyevu usipate nafasi, kata betri, ziba mdomo wa ekzosti na utundike karatasi ya onyo kwenye usukani. Weka opo mbele na nyuma ya magurudumu, kisha achia breki ya maegesho, au ubane springi kwa bolti zake kama upepo hautadumu, ili brekishuu zisigande kwenye dramu. Bolti hizo ziandike kwenye karatasi ileile ya usukani, maana atakayeliwasha akizisahau ataondoka na lori lisilo na breki ya maegesho.